Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Atacheza Wapi?

Kila unapotangazwa usiku wa muziki, bango huandika jina moja kwa herufi kubwa, na chini yake tarehe, ukumbi na kiingilio. Anayelitazama huamini kwamba mwenye jina kazuka peke yake na kompyuta yake. Historia ya dabstepi, muziki wa besi nzito na midundo kama 140 kwa dakika uliozaliwa kusini mwa London, yasema vingine.

Mtazame Oliver Jones, ajulikanaye kama Skream. Alizaliwa 1986 na kukulia upande wa Croydon, mji wa pembezoni ambao watu wa London wenyewe hupenda kuufanyia mzaha. Akiwa na umri wa miaka kama 15 alianza kutengeneza midundo kwa Fruity Loops, programu ambayo leo yaitwa FL Studio na ambayo maprodusa wengi wa kwetu waijua. Mwaka 2005 akatoa "Midnight Request Line", na jina lake likavuka mipaka.

Sasa tuhesabu ngazi alizopanda. Ya kwanza ilikuwa duka la santuri, Big Apple Records, katika Surrey Street, mtaa wa soko la mboga na matunda. Skream alifanya kazi hapo akiwa bado mdogo. DJ Hatcha naye alikuwa hapo hapo. Akizichukua kazi za Skream na za rafikiye Benga, akizipeleka kuchongwa santuri moja moja, na kuzipiga usiku mbele ya watu kabla hazijauzwa popote.

Ngazi ya pili ilikuwa redio. Rinse FM ilianza 1994 bila leseni, na leseni ikaipata 2010. Ya tatu ilikuwa ukumbi. Usiku wa FWD>> ulioanza 2001 ulihamia Plastic People, chumba kidogo cha watu kama 200, chenye giza na spika za maana. Mwaka 2005 ukaanza usiku wa DMZ huko Brixton, ndani ya jengo la kanisa. Ulipotimiza mwaka, umati ulifurika hadi ikabidi wahamie ukumbi mkubwa wa jengo hilo hilo. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2006, Mary Anne Hobbs alikuwa amewapa kipindi kizima katika BBC Radio 1.

Kwa hivyo kijana huyu alisikika na watu makumi kabla ya kusikika na maelfu. Kulikuwa na mkubwa wa kumwambia hapa besi imemeza sauti, hapa watu wameacha kucheza. Kwetu, kijana wa Kisauni atoka chumbani kwake moja kwa moja hadi YouTube. Akikosa watazamaji, arudi maskani. Kilifi ina tamasha la Beneath the Baobabs kila mwisho wa mwaka, na wageni hulisafiria. Mombasa ina Swahilipot Hub yenye redio yake. Huo ni mwanzo mwema, lakini kati ya chumba cha kulala na tamasha kubwa, ngazi za kwetu ni chache mno.

Najua wapo watakaouliza, vipi Muislamu atetee mambo ya kilabu? Sitetei pombe wala mchanganyiko wa usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba kuchanganya sauti ni ufundi, kama useremala. Fundi anayejua kuipanga besi ndiye atakayerekodi kaswida, tangazo la redio na tamthilia. Tukimfungia milango yote ya mchana, tumemwachia mlango mmoja tu wa usiku, kisha twamlaumu kwa kuupitia.

Na usiku una gharama yake. Benga, aliyepanda pamoja na Skream, alitangaza kuacha kazi 2014. Mwaka uliofuata akaeleza hadharani kwamba aliugua maradhi ya akili, na kwamba mihadarati na safari za maonyesho zisizokwisha zilichangia. Hata ngazi zenyewe hazikudumu: Big Apple lilifungwa 2004, Plastic People 2015. Ngazi isiyotunzwa huoza.

Basi mwanao akikwambia amepewa usiku wake wa kupiga muziki, usikimbilie kumgombeza wala kumpigia makofi. Muulize: Malipo yako yameandikwa wapi? Midundo uliyoitengeneza ni mali ya nani? Waliokualika watakujua kesho ukiugua? Utarudi nyumbani na nani, saa ngapi? Kaunti nayo tuiulize swali lake: ukumbi wa umma wenye spika nzuri, unaofunguliwa alasiri na usiouza pombe, uko wapi?

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwanza lakini awe na uwanja wa kuchezea.