Fishi ya matayarisho si ya inspekta

Hapa Bwegera, sawa vile katika vijiji vingine vya uwanda wa Ruzizi, mwalimu anapimwa kwa fishi zake za matayarisho. Inspekta akifika, kitu cha kwanza anaomba ni kaye: somo, lengo, vifaa, kisha zile hatua tunazijua wote kichwani, marudio, motivasio, analize, sinteze, matumizi. Mistari ikijaa, anatia sahihi. Nani anauliza kama watoto walielewa?

Hatusemi fishi ifutwe. Mwalimu anayeingia kalasini bila kupanga anapotezea watoto wakati. Lakini wengi wananakili ya mwaka jana na kubadilisha tarehe tu. Tusiwalaumu haraka: tangu elimu ya msingi kuwa ya bure, Septemba 2019, kalasi zimejaa, na kwa mshahara ule mtu anaandika fishi tano ao sita kila usiku, pengine kwa tochi ya simu.

Mwaka 1975, kwenye Chuo Kikuu cha Florida State, Marekani, wataalamu walitengenezea jeshi mpango wa kufundisha ambao leo unaitwa ADDIE. Una hatua tano: kuchunguza, kupanga, kutengeneza, kufundisha, kupima. Unaanza kwa kuuliza mwanafunzi ni nani, na ukiisha kupima unarudi kusahihisha mpango wenyewe. Fishi yetu iko na matumizi mwishoni, ndiyo, lakini yanaandikwa jana yake, mbele ya mtoto hata mmoja kujibu. Na mwanzoni mtoto hayumo kabisa.

Mtoto wa huku ni nani basi? Nyumbani wengi wanasema Kifuliiru, sokoni Kiswahili, na kitabu kinawangoja kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa shuleni. Fishi haina hata mstari mmoja wa kuandika somo litaelezwa kwa lugha gani. Wakati wa kufukuza ndege kwenye mpunga, benchi zinabaki wazi, lakini fishi inasonga mbele kama vile wote wapo.

Tunaomba kitu kidogo. Wapunguze mistari ya juu, waongeze miwili chini, ya kujazwa kiisha somo: nani hakuelewa, na kesho tunarudilia nini. Inspekta naye aweke kaye pembeni kidogo, aite mtoto wa benchi ya nyuma, amwombe afanye mbele yake hesabu ya jana.