Basketi: waamuzi wawili, macho manne, wachezaji kumi

Mchezaji anaruka kutupa mpira, anasukumwa kiunoni, anaanguka. Firimbi hailii. Palepale mashabiki wanasimama: «Mwamuzi amekula pesa!» Kelele hizo zimezoeleka kwenye viwanja vya basketi, mashariki mwa Congo na kwingineko. Lakini mara nyingi jibu haliko mfukoni mwa mwamuzi. Liko miguuni mwake: alisimama mahali ambapo hawezi kuona.

Sheria za FIBA, shirikisho la basketi ulimwenguni, zinakubali mchezo uongozwe na waamuzi wawili ao watatu. NBA ya Marekani inatumia watatu tangu msimu wa 1988-1989. Kwenye mashindano ya mitaa, pale ambapo pesa ni kidogo, wanapangwa wawili. Lakini uwanja haupungui: mita 28 kwa 15, na wachezaji 10.

Kwa hiyo kila hatua ina maana. Mwamuzi mmoja anatangulia, anasimama nyuma ya mstari wa mwisho na kuangalia wanaosukumana karibu na kikapu. Mwenzake anafuata nyuma ya mchezo, kwa upande mwingine, ili wachezaji wote wabaki kati yao. Mpira ukipokonywa, kazi zinageuka: aliyekuwa nyuma anakimbia kutangulia upande wa pili. Mpira ukitupwa, wa nyuma anamwangalia aliyetupa mpaka miguu yake iguse chini. Wa mbele anaangalia wanaopigania mpira unaorudi. Wote wawili wakikodolea mpira tu, kiwiko kinachopigwa mbali na mpira kinakosa shahidi.

Tena, kuwa karibu hakutoshi. Aliye nyuma ya mgongo wa mchezaji haoni kitu, hata akiwa mita moja tu. Aliye mbali kidogo, lakini anaona nafasi kati ya mshambuliaji na mlinzi, ndiye anajua nani amemgusa nani.

Rushwa ikiwepo, iazibiwe, lakini kwa ushahidi. Kutukana waamuzi ao kuwavamia hakujamfundisha hata mmoja pa kusimama. Viongozi wa basketi mijini wapange mafunzo kabla ya msimu, na yafanyike uwanjani, si kwenye karatasi tu. Waamuzi nao wakutane kabla ya mchezo, wagawane sehemu za kuangalia. Kisha watazame makosa yao kwenye video, hata ya simu. Hayo hayaombi bajeti kubwa. Na mwamuzi anayetembea pale anapopaswa kukimbia asishangae watu wakimzania mabaya.

Vijana wanaojizoeza kila asubuhi wanastahili kushinda ao kushindwa kwa nguvu zao wenyewe, si kwa sababu mtu mwenye firimbi alichelewa hatua tatu.