BWANA SHAMBA ANASEMA: Mlimani mwende wawili, mrudi wawili



Mlima Hanang uko Mkoa wa Manyara. Kimo chake kinapita mita 3,400. Mume na mke wenye afya wanaweza kuupanda na kushuka kwa siku moja. Lakini siku hiyo ni ndefu, na njia ina mawe mengi.

Chini jua linawaka, juu kuna baridi. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mawingu huja ghafla. Ukungu huficha njia. Mawe yakilowa huteleza.

Basi fanyeni hivi:

1. Ondokeni alfajiri pamoja na mtu anayeijua njia.
2. Chukueni maji, chakula, sweta na koti la mvua.
3. Anayechoka upesi atangulie. Mwenye nguvu amfuate.
4. Mkisikia radi, teremkeni mara moja.
5. Msivuke korongo lenye maji mengi.

Mvua ya mlimani si mchezo. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Hanang hadi mji wa Katesh. Watu wengi walikufa.

Mmoja wenu akisema, "Turudi," mwenzake asimcheke. Rudini. Kurudi si woga. Watoto wanawangoja nyumbani.