Warsha za bure kwa wasanii zishuke mpaka Mnazi

KILA mwaka ifikapo Februari, macho ya wapenda muziki huelekea Ngome Kongwe, Zanzibar, kwenye tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Baadaye huja tamasha la filamu la ZIFF, nalo kisiwani humo humo, kisha huja zamu ya Bagamoyo, ambako tamasha la sanaa na utamaduni lilianza mwaka 1982. Katika matangazo ya matamasha ya namna hii mara nyingi huwemo sentensi moja ambayo wengi tunaipita haraka haraka: kwamba mbali na burudani, kutakuwa na warsha za bure kwa wasanii chipukizi.

Ndugu msomaji, sentensi hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Naileta katika kurasa hizi za biashara na kilimo, na si katika ukurasa wa burudani, kwa sababu usanii ni kazi kama kazi nyingine. Una mtaji, una gharama, una soko na una hasara. Na mafunzo kwa msanii ni kama elimu ya ugani kwa mkulima: yakimfikia kwa wakati, mavuno hubadilika.

Swali ni je, yanamfikia nani?

Naandika nikiwa Mnazi. Wengi wakisikia jina la Lushoto hufikiria baridi, kabichi na ukungu wa asubuhi. Mnazi iko wilaya hiyo hiyo, lakini si ya namna hiyo. Sisi tuko chini, tarafa ya Umba, upande wa pili wa Milima ya Usambara, tukitazamana na Mkomazi na mpaka wa Kenya. Huku ni joto. Tunaishi kwa mkonge, mifugo, na mpunga pale mfereji unapofika. Vijana wenye vipaji wapo: wapiga gitaa, waimbaji, wapiga ngoma ya mdumange, wasusi na wachongaji. Msanii wa huku asubuhi utamkuta shambani, jioni ndipo anaposhika gitaa.

Kijana mmoja wa aina hiyo alinijia akiwa na furaha. Alikuwa amesikia redioni habari za warsha ya bure ya wanamuziki huko pwani, akataka nimsaidie kuandika maombi. Kabla ya kuandika tukakaa chini tupige hesabu. Itabidi apande milima hadi Lushoto mjini, ashuke kwa njia ya Soni mpaka Mombo, apande basi hadi Dar es Salaam, kisha boti ya Zanzibar. Kwa mtu anayeanzia huku, asiye na fedha za kukodi gari, hizo ni siku mbili. Warsha ni siku tatu. Kurudi ni siku mbili nyingine. Jumla ni siku saba. Katika siku hizo saba hakuna kibarua, na kila siku ina chakula chake na mahali pake pa kulala. Na Februari ndiyo wakati wa kuandaa shamba kabla ya mvua za masika.

Tulipomaliza kujumlisha, kijana alicheka, akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Maombi hatukuyaandika.

Wahenga walisema rahisi ghali. Mimi naongeza kwamba warsha ya bure ni bure kwa anayeishi jirani nayo. Kwa wengine, kilichofutwa ni ada tu, na ada huwa ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

Sisemi haya kuwalaumu waandaaji wa matamasha. Wao nao wanahangaika. Sauti za Busara lenyewe, pamoja na sifa zake zote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Mtu anayekosa fedha za jukwaa huwezi kumwambia alipie nauli ya kila kijana wa Tanzania. Ninachosema ni kwamba tunaipanga hesabu hii kinyume.

Tuchukue mfano. Tuseme wasanii 20 kutoka tarafa yetu wangetaka kuhudhuria warsha ya pwani. Kila mmoja anatumia siku saba, jumla ni siku za kazi 140 zilizotoka shambani, pamoja na nauli 20 za kwenda na 20 za kurudi. Sasa geuza: wakufunzi wawili waje Mnazi kwa siku hizo hizo saba. Hapo zimetumika siku 14 tu za safari na kazi, na nauli ni za watu wawili. Wale 20 wanalala kwao, wanakula kwao, na asubuhi kabla ya darasa wanaweza hata kuangalia mifugo yao. Mfanyabiashara yeyote wa gulioni, hata asiyejua kusoma, atakwambia ipi kati ya hesabu hizi mbili ina maana.

Tena kuna watu ambao kwao siku saba haziwezekani kabisa. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda Zanzibar kujifunza namna ya kupanga bei ya vikapu vyake. Kule juu milimani, ufinyanzi wa Wasambaa ni kazi ya wanawake, na binti huujifunza kwa mama yake. Warsha ikiwa mbali, watu hao wanaachwa nje bila mtu yeyote kuwafungia mlango.

Wakulima hawana ugumu wa kulielewa jambo hili, kwa kuwa tunalifahamu kwa jina la shamba darasa. Bwana shamba hawaiti wakulima wote wilayani kwenda kulima kwenye kiwanja chake. Yeye huja, mnachagua shamba la mmoja wenu, mnapanda pamoja, mnapalilia pamoja, mnavuna pamoja, na anayetaka kujua kama mbegu inafaa anaiona kwa macho yake. Naomba tuwe na darasa la namna hiyo kwa wasanii.

Lakini kuleta mafunzo karibu peke yake hakutoshi, na historia ya Usambara inatufundisha. Katika miaka ya 1940, serikali ya Mwingereza ilileta katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, baadaye ukapanuliwa. Ulikuwa karibu kabisa na watu. Walilazimishwa kulima kwa matuta, kazi ikawa nyingi, faida hawakuiona, wakaukataa. Mpango huo ulikufa kabla ya Uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, SECAP, kwa ushirikiano na Wajerumani. Huu ulihimiza kupanda majani ya Guatemala kwenye kingo za makinga maji. Majani yale yalishika udongo, lakini pia yalilisha ng'ombe wa maziwa zizini. Wakulima wengi waliyapanda, kwa sababu walichofundishwa kiliwapa kitu mkononi msimu ule ule.

Kwa hiyo warsha ya msanii nayo impe kitu mkononi. Na hapa natofautiana kidogo na warsha nyingi zinazotilia mkazo ufundi wa jukwaani peke yake. Ufundi ni muhimu, lakini vijana wetu wengi wanajua kupiga. Wasichokijua ni kuuza.

Tuchukue mfano mwingine. Kikundi cha watu watano kinaitwa kupiga harusini kwa Sh 150,000. Wanachama wanashangilia. Toa usafiri Sh 30,000, toa kukodi spika na jenereta Sh 60,000, zinabaki Sh 60,000. Gawanya kwa watano, kila mmoja ana Sh 12,000, na amefanya mazoezi siku moja na kupiga usiku mzima. Vyombo vikiharibika hakuna akiba. Kikundi hicho hakijapata faida, kimekula mtaji wake. Hakuna aliyewafundisha kuandika gharama kabla ya kutaja bei, wala kudai malipo ya awali, wala kuweka makubaliano kwenye karatasi yenye saini mbili.

Halafu kuna hakimiliki. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Lakini kijana wa Mnazi anayerekodi wimbo kwa simu na kuusambaza hajui kwamba kazi ile ni mali yake kisheria, wala aisajili wapi. Mkulima asiyejua mipaka ya shamba lake hupokonywa shamba. Msanii naye ni vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba msanii wa kijijini hata akifundishwa hafiki popote. Nawakumbusha habari za Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alitoka Tunduru na kuja mkoani kwetu Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968, hivi hivi, kwa rangi za kawaida za dukani na vipande vya ubao laini. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo alichora kwa miaka minne tu. Mbona basi jina lake halikufa? Ni kwa sababu alikaa na ndugu na jamaa zake akawafundisha, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 warithi wa kazi yake wakaunda ushirika wao. Leo picha za Tingatinga zinauzwa duniani kote. Hakuna aliyewatoza ada wale wanafunzi wa kwanza, na hakuna aliyewataka wasafiri siku mbili. Mwalimu alikuwa anaishi nao.

Lipo pia swali la haki, ambalo wakulima wenzangu wataliuliza: kwa nini msanii apewe vya bure wakati sisi mbolea tunanunua? Jibu ni kwamba mkulima hununua mbolea, lakini bwana shamba hamletei ankara ya ushauri. Msanii naye anunue gitaa lake na rangi zake. Tunachoomba kiwe bure ni elimu tu, kama ilivyo kwa mkulima.

Na lipo tatizo la posho, ambalo tusilifumbie macho. Nchi hii tumezoea semina ambazo watu huja kusaini karatasi, kunywa soda na kuondoka. Warsha ninayoisema isiwe na posho kwa washiriki. Kila mmoja aje na kitu chake: mpiga ngoma na ngoma yake, msusi na singa zake za mkonge, na chakula kipikwe kwa mchango wa unga na maharage. Asiye tayari kuchangia debe la unga hana haja ya darasa.

Basi ifanyike nini? Kwanza, matamasha makubwa yawe na utaratibu wa kutuma wakufunzi wawili kila mwaka katika wilaya moja ya bara, wakati ambao si wa kupanda wala kuvuna. Na wao wana faida yao, kwani huko ndiko watakakookota sauti ambazo jukwaa lao halijazisikia. Pili, halmashauri yetu ya Lushoto, kupitia maofisa utamaduni na maendeleo ya jamii, itoe darasa la shule wakati wa likizo na ipange siku ya mwisho ya warsha iangukie siku ya gulio, ili washiriki wauze na kupiga mbele ya wateja halisi. Tatu, mkufunzi arudi baada ya miezi mitatu kukagua daftari la hesabu la kila kikundi, kama bwana shamba anavyorudi kukagua palizi. Darasa lisilorudiwa husahaulika.

Nne, kikundi kitakachofanya vizuri kiunganishwe na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya kufuga kuku na kushona nguo huijua njia hiyo. Vikundi vya ngoma na ususi haviijui, au hudhani si yao. SIDO nayo, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina la kuwafundisha wasusi na wafinyanzi.

Naziona tani za singa zikiondoka hapa kama malighafi, na naona vijana wakiondoka kwa njia ile ile. Singa ikisukwa kapu zuri huuzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya singa yenyewe. Akina mama wa Kenya wameuza viondo vya mkonge ng'ambo kwa miaka mingi. Kijana aliyefundishwa kuuza kazi yake naye ana sababu ya kubaki.

Bajeti za halmashauri huandaliwa mapema kila mwaka, na maombi ya vijiji huanzia kwenye mikutano yetu wenyewe. Mkutano ujao nitasimama kuliomba hili, na yule kijana wa gitaa ameahidi kusimama nami. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Kwanza afundishwe kwao.