Si Kila Anayesinzia Chuoni ni Mvivu, Wala Si Kila Anayepiga Kelele Ana Jini



Ndugu Waislamu, wazazi wenzangu wa Manibe, na ninyi mnaotusoma kutoka Arua mjini hadi Koboko, leo nina ugomvi na ninyi. Ni ugomvi wa ndugu, lakini ni ugomvi.

Mtoto akibadilika tabia katika nyumba zetu, majibu huwa tayari kabla ya swali. Bibi anasema ni ole, kuna mtu moyo wake umemchukia. Baba anasema ni utundu, ileteni fimbo. Jirani aliyehudhuria semina ya siku tatu anasema ni troma. Na sisi wa madrasa tusijitoe, maana hakosekani ustadhi atakayetamka jini kabla hajauliza mtoto amekula nini tangu jana. Neno likishatamkwa, basi. Hakuna anayeuliza tena.

Chukueni wavulana wawili wa miaka kumi na minne. Wote wawili wanasinzia juu ya msahafu saa nne ya asubuhi. Wote wawili usiku hawalali, wanazunguka uani. Wote wana hasira mpya ambayo mama zao hawakuizoea. Ukiwatazama kwa macho tu, ni tabia moja. Lakini wa kwanza anatafuna mairungi na wenzake kwenye kituo cha bodaboda mpaka alfajiri. Wa pili ana malale, na vijidudu vimeshaingia kwenye ubongo. Ukimchapa wa kwanza huenda akakusikia au akakukimbia. Ukimchapa wa pili unampiga mgonjwa ambaye, asipotibiwa, atakufa.

Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa malale. Mbung'o wa kando ya mito yetu ndio wanaoyaeneza. Kwanza huja homa, maumivu ya kichwa na tezi za shingoni, mambo ambayo kila mtu huyaita malaria. Baada ya miezi, hata miaka, ndipo tabia inapogeuka: usingizi wa mchana, kukesha usiku, ukali, kusema ovyo, kusahau, hata kuonekana mwendawazimu kabisa. Aina hii ya ugonjwa huenda polepole, na polepole hiyo ndiyo inayotudanganya. Tumekwisha kumwita mtu mlevi, mvivu, aliyerogwa, na kumbe kipimo cha damu kingesema jambo jingine.

Miaka ya 1990 Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha tiba ya malale pale Omugo, ambayo leo iko wilaya ya Terego. Dawa ya siku zile kwa ugonjwa uliofika ubongoni, melasoproli, ilitokana na aseniki, ambayo ni sumu. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa, takriban 5 waliuawa na dawa yenyewe. Watu waliikubali hata hivyo, kwa sababu waliwaona wenzao waliokuwa wakivua nguo njiani wakirudi na akili zao, wakalima, wakaswali. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vinamezwa siku 10, na kwa wagonjwa wengi vinatosha.

Najua mtaniambia: "Maalim, malale si yamekwisha?" Ni kweli kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imeyaondoa malale ya aina yetu kama tatizo la afya ya jamii. Alhamdulillah. Lakini someni maneno yenyewe. Hawakusema hakuna tena hata mgonjwa mmoja. Wagonjwa wakiwa wachache namna hii, hata muuguzi kijana huenda hajawahi kumwona mmoja, na huyo aliyebaki ndiye rahisi zaidi kufichwa nyuma ya nyumba ya mganga. Na tukiyaweka malale pembeni, kifafa kimekwisha? Malaria inayopanda kichwani imekwisha? Mama aliyejifungua juzi akawa analia na hataki kumshika mwanawe, huyo naye tumpeleke wapi?

Kuna atakayekunja uso: "Maalim anakanusha majini." Sikanushi. Majini yametajwa katika Qur'an na sura nzima imepewa jina lao. Ninachokanusha ni ujuzi wa mtu anayedai kuwatambua kwa kutazama jicho la mtoto, kisha akataja bei. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka na kufunuka nguo, akamwendea Mtume (s.a.w.) amwombee. Hakufungwa kamba. Hakuchapwa. Hakuulizwa amefanya dhambi gani. Alipewa hiari baina ya subira na dua, akachagua subira, akaomba tu asiwe anafunuka, naye akaombewa hilo. Sasa mwenye kumfunga binti wa watu kwenye mti siku tatu huku akimwagia maji na kusema hii ni ruqya, mafunzo hayo ameyatoa wapi? Ruqya ni kisomo. Mgonjwa anaweza kusomewa akiwa kwenye kitanda cha hospitali, na hakuna daktari atakayewazuia kumsomea Al-Fatiha.

Wala wasiseme elimu ya nafsi ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na moja ya afya ya nafsi. Humo alitofautisha huzuni ambayo mwenyewe anajua chanzo chake na huzuni inayokuja bila sababu inayojulikana, na kila moja akaipa njia yake ya tiba. Ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Wazee wa Kilugbara nao tusiwadharau. John Middleton, Mwingereza aliyeishi huku karibu na 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1960, alieleza jinsi ugonjwa ulivyowafanya wazee waulize ni nani katika ukoo amemvunjia mwenzake heshima. Itikadi ya kuwaomba mizimu siikubali, na mnajua kwa nini. Lakini swali lenyewe lina akili. Tabia ya mtoto mara nyingi inasema habari za nyumba nzima, na vikao vile viliwapatanisha watu waliokuwa hawasemezani. Tatizo ni pale kikao kinapomalizika kwa kumtaja mama mkongwe fulani kuwa mwenye sumu, akachomewa nyumba, na mgonjwa bado ana homa.

Nimebakisha wa troma. Hawa wana haki yao. Mwaka 2017 kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliingizwa katika utafiti. Baadhi walikaa vikundi na kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, vikao vitano, wakiongozwa na watu wa kawaida wasio madaktari. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata vikao hivyo. Basi jeraha la moyo lipo na lina dawa. Lakini mwanamume anayempiga mkewe kila Jumamosi, na Jumatatu anajua kujizuia mbele ya bosi wake, huyo asituletee neno la semina. Anachagua wa kumpiga.

Sheria yetu imelijua hili. Kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa mwendawazimu mpaka apate akili. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu ni wajibu kujua umekaa na nani: mgonjwa, mwenye msiba, mwenye njaa, au mtu mzima mwenye akili timamu anayefanya makusudi. Na kujua huko hakupatikani kwa kubahatisha.

Hospitali kuu ya Arua ina kitengo cha magonjwa ya akili. Mtoto akibadilika, apelekwe akapimwe kwanza, damu na yote. Wazazi wakae naye wamuulize, bila fimbo mkononi. Kisomo kiendelee siku zote hizo. Na ustadhi yeyote atakayewaambia msiende hospitali mpaka amalize kazi yake, muulizeni mbele ya watu: mtoto huyu akifia mikononi mwako, nani atabeba dhima yake?