Kioo si Daftari

"Mfumo unasoma 1996, mama." Hayo ndiyo aliyoambiwa mwanafunzi wangu wa zamani mwaka 2024, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Aliajiriwa mwaka 1986. Amefundisha darasa la kwanza huko Makete, kisha Iringa vijijini, kisha Mbeya, mpaka nywele zikawa nyeupe. Kijana wa ofisini hakumtukana. Alimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee mwenyewe, kana kwamba kioo kimekwisha kuamua kesi. Miaka 10 ya chaki imeyeyuka, na mafao huhesabiwa kwa miezi ya utumishi.

Ndugu msomaji, nataka kugombana na neno hilo, "mfumo". Siku hizi linatamkwa kama zamani tulivyotamka "amri kutoka juu". Mfumo haukubali. Mfumo umegoma. Ati hakuna mtu aliyekosea! Kumbe kuna mkono wa mtu ulioandika 9 mahali pa 8, na mwenye mkono hatajwi.

Nilijifunza kutokiamini kioo mwaka 1987, nilipokuwa masomoni Uingereza. Katika maktaba ya chuo kile kulikuwa na mashine iitwayo VT220, iliyotengenezwa na kampuni ya Kimarekani ya Digital Equipment Corporation na kutolewa mwaka 1983. Haikuwa kompyuta kamili. Ilikuwa teminali, yaani kioo na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine. Kioo kilibeba mistari 24, kila mmoja herufi 80, au 132 ukikubali kukodoa macho. Mstari mpya ukiingia chini, wa juu kabisa unatoweka, na teminali yenyewe haina pa kuurudisha.

Karani wa maktaba, mama mmoja mkali kuliko mkaguzi wa shule, alinionyesha siri yake. Ukibonyeza kitufe cha F3 inafunguka orodha ya mipangilio: upana wa mistari, kasi ya mawasiliano, sauti ya vitufe, printa. Orodha ilisomeka kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Ukibadilisha jambo bila kuamuru lihifadhiwe, kesho ukiwasha limerudi lilivyokuwa. Ukilihifadhi, linabaki hata umeme ukikatika. Lakini ukurasa uliokuwa ukiusoma haukuwamo katika akiba hiyo. Hata maneno uliyoyapachika kwenye vitufe 15 vya juu, ili yajiandike kwa mguso mmoja, yaligawana nafasi ya herufi 256 tu, nayo yalifutika mashine ilipozimwa. Mashine ilikumbuka namna ya kuonyesha. Ilichoonyesha haikukikumbuka.

Ndiyo maana nyuma yake palikuwa na tundu la printa. Kitufe cha F2 kilichapa kilichokuwa kiooni. Ungeweza pia kuipanga ichape yenyewe kila mstari unapokamilika, mradi kasi uliyoiweka ilingane na ya printa. Zisipolingana, karatasi inatoka na madoido yasiyosomeka. Mama yule hakumruhusu mtu aondoke na deni la kitabu bila karatasi mkononi. "Mimi naweza kukosea," alikuwa akisema, "na wewe lazima uwe na kitu cha kunisuta nacho."

Niliporudi chuoni kwetu Rungwe tulikuwa na taipureta, stensili na mashine ya kurudufu iliyotuachia wino hadi kwenye kola za mashati. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, kilikuwa kimeanza kazi katikati ya miaka hiyo ya 1980, lakini sisi karatasi bado tulizihesabu kama noti. Hata hivyo orodha ya wahitimu haikutolewa nakala moja. Wenzangu waliona ni ubadhirifu.

Najua nitaambiwa mzee anaogopa maendeleo. La hasha. Nchi hii ilishawahi kuogopa: kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Tulipoteza miaka mingi ya kujifunza. Lakini siku hizi tumetoka kwenye woga tukaingia kwenye ibada, na sioni kama tumepata nafuu. Nimehudhuria semina za walimu ambako siku nzima ilipita wakifundishwa bonyeza hapa, kisha bonyeza pale. Hakuna aliyewaambia kipi kinahifadhiwa, kinahifadhiwa wapi, nani anaweza kukibadilisha, na utajuaje kama kimebadilishwa. Huko si kufundisha, ni kukaririsha. Mkufunzi angefundisha hesabu namna hiyo chuoni kwangu, ningemwita ofisini.

Wala siitetei karatasi kama msahafu. Mchwa wamewahi kututafunia kabati zima la madaftari ya mahudhurio, mvua moja ya Tukuyu tu ilitosha kuwaficha mpaka tulipochelewa. Ninachodai ni kidogo: ofisi yoyote inayoandika habari za mtu impe mtu huyo nakala iliyochapwa, yenye tarehe na jina la aliyeandika, siku ile ile. Asiyekupa nakala amekunyima haki ya kubisha.

Mwalimu yule alinijia Mbeya na bahasha. "Shikamoo, Mkuu." Ndani mlikuwa na barua yake ya ajira, imepauka kwenye mikunjo, na orodha yetu ya wahitimu wa 1986, yenye ule wino wetu mbaya. Jina lake lilikuwa la saba. Tukaenda pamoja. Kijana akazitazama karatasi, akasema atazipeleka kwa wakubwa. Nikamwomba jambo moja: atuchapie ukurasa ule wa kiooni, na tarehe ya leo, ili mama ajue anabishana na nini.

"Wino wa printa umekwisha, mzee," akasema. "Mama apige tu picha kwa simu."

Simu yake ni ile ya kitochi.