Haya Hailetwi na Rungu

Jioni moja huko Kawangware, Nairobi, si mbali na kituo cha magari ya namba 46, nilisikia ukelele wa "Mwizi!" Kabla sijageuka, kijana wa miaka kumi na sita hivi alikuwa tayari chini, watu wamemzingira kwa mawe na mateke, na mmoja amekwisha kuleta tairi. Nakiri kwamba mimi, mtu wa Pwani niliyelelewa kumcha Mungu, nilisimama kando kama mti.

Aliyemwokoa kijana yule ni mama mmoja mzee auzaye sukuma wiki. Alijipenyeza katikati ya umati, akamwita kijana kwa jina lake, kisha akalitaja jina la mamake na kichochoro wanachokaa. "Wewe! Ndiyo mamako aliyokutuma haya? Rudisha simu ya watu!" Kijana akaanza kulia. Simu ikarudi. Walioshika mawe wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakayaangusha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mama yule alikuwa na nguvu gani hata akashinda tairi na mawe? Hakuwa na rungu wala pingu. Alikuwa na jina tu. Umati ulikuwa tayari kumchoma mwizi, lakini haukuwa tayari kumchoma mwana wa fulani.

Wataalamu wa elimu ya jamii wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mmarekani Travis Hirschi, katika mwaka 1969, aligeuza swali tulilozoea. Badala ya kuuliza kwa nini mtu huiba, aliuliza kwa nini walio wengi hawaibi. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu huzuiwa na kamba zinazomfunga kwa wenziwe: wazazi, shule, kazi, imani. Kamba zikikatika, hana cha kupoteza. Nasi tusisahau kwamba Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikwisha kueleza jinsi watu wa jangwani wanavyolindana kwa asabiya, yaani ule mshikamano wa jamaa, ilhali wa mjini huwaachia kazi hiyo walinzi na kuta za mji.

Sasa tuvuke Barabara ya Ngong tuingie Kibera. Wengi wetu Pwani tukilisikia jina hilo huwaza wizi na pombe haramu tu. Lakini Kibera ilianza kama mji wa Waislamu. Askari wa Kinubi wa jeshi la Mwingereza la King's African Rifles walipewa mahali pa kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, lilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi. Pale Makina palikuwa na msikiti, palikuwa na wazee, na mtoto wa mtu alikuwa mtoto wa mtaa.

Hati ya ardhi, hata hivyo, hawakupewa. Walingoja hadi mwaka 2017, wakakabidhiwa ekari 288. Katika miaka yote hiyo Kibera ilijaa wageni waliotafuta kazi, wakapanga vyumba vya mabati kwa wenye nyumba ambao wengi wao hawakai humo. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 170,070. Mpangaji asiyejua kama mwezi ujao atakuwapo, atajuaje mtoto wa jirani ni nani?

Hapa ndipo wengine huanza kutaja makabila: kabila hili ni wezi, lile ni wakorofi. Clifford Shaw na Henry McKay walilijibu hilo mwaka 1942 huko Chicago. Waliona kwamba mitaa ile ile ya kimaskini iliendelea kuwa na uhalifu mwingi ingawa taifa moja la wahamiaji lilihama na jingine likaingia. Uhalifu haukuwa katika damu. Na mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake, katika mji huo huo, walionyesha kwamba mitaa ambayo majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia kati ilikuwa na ghasia chache, hata umaskini ukitiwa katika hesabu.

Je, serikali imefanya nini? Tangu zamani imemjua mtu wa Nairobi kwa karatasi. Mkoloni alimvika kipande shingoni, chenye namba na alama za vidole. Baada ya uhuru misako imeendelea, na kijana hukamatwa kwa sababu ya mtaa anaotoka. Mwaka 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, aliripoti kwamba mauaji yanayofanywa na polisi nchini Kenya yameenea. Katiba ya mwaka 2010 yasema aliyekamatwa apelekwe mahakamani katika muda wa saa 24. Risasi haingoji saa hizo.

Mwaka 2013 tuliletewa Nyumba Kumi, mpango ulioanzia kwa ndugu zetu wa Tanzania zama za TANU. Wazo si baya. Lakini jirani atasemaje neno ikiwa anamwogopa mhalifu kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili anahofu kwamba mtoto atakayemtaja hatarudi hai?

Wala sisemi jicho la jirani halina ila. Mapema mwaka 2008 soko la Toi, Kibera, lilichomwa moto na majirani wakafukuzana. Oktoba 2017, Kawangware pia ilimwaga damu baada ya uchaguzi. Jirani akigeuzwa mpelelezi wa kabila, ulinzi umekuwa balaa. Sura ya Hujurat imetukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Kumjua jirani ni jambo moja, kumchungulia ni jingine.

Nayaandika haya kwa wasomaji wa Pwani kwa sababu Kawangware si mbali nasi. Kisauni tumewaona vijana wa mapanga, na tumewaona akina mama wakizunguka vituo vya polisi kuwatafuta wana wao waliochukuliwa usiku. Wako wanaoshangilia wakisema, "Afadhali, ni wezi hao." Kabla ya kushangilia, tujiulize: barobaro yule aliyekuwa akikaa barazani petu tangu akiwa mdogo, ni nani kati yetu aliyemwita kwa jina lake, akamwuliza kwa nini haendi chuoni?

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, twasema. Yule mama wa sukuma wiki alikataa kumwachia ulimwengu kazi hiyo.